UZI: Newbern, Alabama – wanafunzi wa chuo walijenga zimamoto, ukumbi wa mji na maktaba. Kisha meya akabadilishiwa kufuli

Kenchi la Mninga #1

Wakuu, heshima kwenu.

Kila tukijadili namna ya kufufua katikati ya mji uliochoka, mazungumzo huishia kwa mwekezaji na mkopo wa benki. Nawaletea mji ambao haujawahi kuwa na mwekezaji wa maana tangu pamba ilipokufa. Unaitwa Newbern, kaunti ya Hale, jimbo la Alabama, Marekani. Sensa ya 2020 ilikuta watu 133. Katikati ya mji ni barabara moja: duka, posta, na majengo machache ya zama za pamba. Ukipita na gari mwendo wa kawaida, unaweza kudhani hukupita mji.

Lakini muulize msanifu majengo yeyote aliyesoma vizuri, atakuambia anaujua. Mwaka 1993 maprofesa wawili wa Chuo Kikuu cha Auburn, Samuel Mockbee na D.K. Ruth, walianzisha kitu kinaitwa Rural Studio. Hoja yao ilikuwa nyepesi: mwanafunzi wa usanifu anachora miaka mitano majengo ambayo hayatajengwa, kwa mteja ambaye hayupo. Mpelekeni kijijini, mpeni mteja mwenye jina, na jengo alijenge kwa mikono yake. Kutoka kampasi ya Auburn hadi Newbern ni mwendo wa saa tatu hivi kwa gari, kwa hiyo huwezi kwenda asubuhi ukarudi jioni. Wanafunzi wanahamia. Wa mwaka wa tatu wanakaa muhula. Wa mwaka wa tano wanaunda timu ndogo, aghalabu ya watu wanne, wanachukua mradi mmoja, na wengi wao wanabaki hata baada ya kuhitimu ili wamalize jengo.

Nitashusha vipande vipande. Kuna sehemu tamu na kuna sehemu chungu, na ile chungu ndiyo iliyonifanya niandike.

Chapakazi Mpya #2

Nimeweka kambi. Shusha mkuu.

Mzee wa Kibangu #3

Mwanangu, nimesimamia saiti tangu wengine hamjazaliwa. Mwanafunzi wa mwaka wa tano hajui hata kupima mraba wa msingi kwa kamba. Leo unaniambia kajenga zimamoto? Nani alisaini michoro? Likianguka anakamatwa nani?

Kenchi la Mninga #4

Mzee shikamoo. Walimu wao ni wasanifu majengo, na wahandisi huitwa kukagua hesabu kabla ya chochote kupanda juu. Mwanafunzi haachiwi peke yake na zege. Kuhusu kamba na mraba uko sahihi kabisa, na ndiyo maana ya kuwapeleka kule. Wanajifunza kwa kukosea kitu cha kweli mbele ya watu wa kweli.

Tuje kwenye hiyo zimamoto, kwa sababu ndiyo iliyogusa katikati ya mji kwanza. Miaka ya mwanzo Rural Studio ilikuwa inajenga nyumba mojamoja za watu maskini na makanisa madogo, nyingi kwa vitu vya kuokoteza. Nyumba ya kwanza, 1994, kuta zake ni marobota ya nyasi kavu yaliyopigwa plasta. Kuna ukumbi wa kijamii pale Mason's Bend, mwaka 2000, ulioezekwa upande mmoja kwa vioo 80 vya mbele vya Chevrolet Caprice kutoka yadi ya magari mabovu Chicago. Picha zilizunguka dunia nzima. Mockbee alipewa tuzo ya MacArthur mwaka huohuo, na Desemba 2001 akafariki kwa saratani ya damu akiwa na miaka 57.

Aliyeshika usukani baada yake ni Andrew Freear, Mwingereza kutoka Yorkshire. Ndiye aliyegeuza kazi kuelekea majengo ya umma. Newbern ilikuwa na kikosi cha zimamoto cha watu wa kujitolea lakini haikuwa na banda la maana la gari. Na Marekani kampuni za bima hupanga bei ya bima ya nyumba yako kwa kuangalia pia uko umbali gani na zimamoto, na hiyo zimamoto ina vifaa gani. Kwa hiyo banda la gari la zimamoto ni fedha mfukoni mwa kila mwenye nyumba, hata kama moto hautawaka kamwe. Timu ya wanafunzi ikajenga, likakamilika 2005: kenchi za mbao na chuma, kuta za plastiki ngumu inayopitisha mwanga, na vipande vya mbao vya kukinga jua kwa nje. Usiku taa zikiwaka ndani, jengo zima linang'aa. Lilikuwa jengo jipya la kwanza la umma pale mjini kwa zaidi ya miaka 100.

Na halikuwa jengo la gari peke yake. Kwa kuwa mji haukuwa na pahala pengine pa kukutania, mikutano ikahamia humo. Unatoa gari nje, unapanga viti.

Dada Mkadiriaji #5

Hapo kwenye kutoa gari nje ndipo nilipocheka. Sasa gari likiitwa kwenye moto, mkutano unahama?

Kenchi la Mninga #6

Dada, ndiyo sababu ukumbi wa mji ukafuata, 2011. Umejengwa ubavuni mwa zimamoto ili kati ya majengo mawili upatikane uwanja mdogo wa wazi. Kuta zake ni magogo ya saiprasi yaliyochanwa inchi 8 kwa 8, yamelazwa moja juu ya jingine kama matofali. Hakuna plasta, hakuna dari ya kuficha makosa. Wewe na mimi tunajua mbao nene namna ile inavyosinyaa ikikauka, kwa hiyo jengo lazima liruhusiwe kushuka taratibu bila kupasua milango. Kwa mtu wa saiti, hilo ndilo somo kubwa kuliko muhadhara wowote.

Kisha maktaba, 2013. Hii ndiyo naipenda kuliko zote, na nadhani ndiyo mradi wenye akili zaidi kwa yeyote anayefikiria mji wa zamani. Hawakujenga jipya. Kulikuwa na jengo la matofali la benki ya zamani, tupu. Familia iliyokuwa inalimiliki ikalitoa. Wanafunzi wakaacha sura ya barabarani kama ilivyo, wakafanya kazi ndani: rafu za mbao, sehemu za kukaa, na nafasi nyuma. Watoto wanaenda baada ya shule, na mtu asiye na intaneti nyumbani anaipata pale.

Weka hivyo vitatu kwenye barabara moja, zimamoto, ukumbi, maktaba, tayari una kitovu cha mji. Hakuna duka kubwa hata moja lililoletwa.

Mwana wa Tandale #7

Mkuu, mada tamu. Niongeze la nyumbani, maana sisi tulifanya upande mwingine wa kazi hii: kabla ya kujenga, kuchora ramani.

Tandale 2011, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi waliingia mitaani na vifaa vya GPS pamoja na wakazi, wakaiweka Tandale kwenye OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuichangia. Kabla ya hapo, ukifungua ramani ya intaneti unakuta doa tupu. Kuanzia 2015 ikaja Ramani Huria, kubwa zaidi, kata nyingi za Dar, wanafunzi wa Ardhi na wa UDSM, lengo kuu likiwa mafuriko. Nilikuwa mmoja wa wanafunzi.

Nilichojifunza ni hiki. Sisi tulijua programu. Wakazi walijua maji. Mfereji unaouona kavu Agosti, mama anayeuza mihogo pembeni yake anakuambia Aprili unafika usawa gani wa ukuta. Hakuna setilaiti itakayokuambia hivyo. Tulikuwa tunatembea naye, anaonyesha, tunaandika.

Lakini hatukuingia mtaa wowote bila kupita ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti akikukubali, milango yote inafunguka. Na yeye ndiye anayekuchagulia wa kutembea naye.

Kenchi la Mninga #8

Mwana wa Tandale, hiyo sentensi yako ya mwisho iweke akiba, tutaihitaji muda si mrefu.

Dada Mkadiriaji #9

Mimi nauliza la kazi yangu. Nguvu kazi bure, vifaa vingine vya msaada, mwalimu analipwa na chuo. Ukiniletea hesabu hiyo kama gharama ya jengo nakurudishia. Gharama ya kweli ni ngapi?

Kenchi la Mninga #10

Swali lako wamelihangaikia wao wenyewe. Mwaka 2005 walianza mradi wa nyumba ya dola 20,000. Hawakuitoa hiyo namba kwenye bei ya vifaa. Waliitoa kwenye mkopo ambao mtu anayeishi kwa hela ya pensheni ya serikali anaweza kuurejesha kila mwezi bila kulala njaa. Wakaanza na hiyo, wakarudi nyuma: sehemu kubwa vifaa, inayobaki malipo ya fundi na faida ya mkandarasi. Maana yake nyumba iwe inajengeka na fundi wa kawaida, analipwa, hakuna mwanafunzi wa bure. Kila mwaka timu mpya inachora toleo jipya, inajenga, inampa mwenye uhitaji, na timu inayofuata inatembelea kuona kibaraza kimetumikaje na bili ya umeme imekuwaje.

Miaka ikapita na bei ya mbao ikapanda, dola 20,000 ikabaki kuwa jina. Na wakagundua kikwazo ambacho hakimo kwenye mchoro: benki hazitaki kutoa mkopo mdogo kiasi hicho. Makaratasi ni yaleyale ya mkopo mkubwa, faida kiduchu. Ikabidi waanze kuongea na watu wa mikopo na bima badala ya mafundi pekee.

Mzee wa Kibangu #11

Hapo kwenye benki umenigusa. Ila nasubiri kufuli. Umeandika kichwa cha habari kama magazeti ya udaku, tuonyeshe kufuli.

Mbeba Box Birmingham #12

Kenchi, niruhusu mimi. Naishi Birmingham, Alabama, na habari hii hapa kwetu ilisomwa sana.

Kwanza muielewe Hale. Ule ukanda unaitwa Ukanda Mweusi kwa sababu ya udongo wake, udongo wa pamba. Palipo udongo wa pamba walipelekwa watumwa wengi, na wajukuu zao ndio wengi hadi leo. Selma, pale wapigania haki ya kupiga kura walipopigwa darajani Machi 1965, si mbali na Newbern. Newbern yenyewe karibu watu 85 kati ya 100 ni weusi, lakini tangu mji uanze miaka ya 1850 hadi 2020 hakuwahi kuwepo meya mweusi.

Na kumbe hata uchaguzi ulikuwa haufanyiki. Kwa miongo mingi meya akimaliza anamteua anayefuata, naye anateua baraza lake. Mwaka 2020 Patrick Braxton, mweusi na mzimamoto wa kujitolea, akaenda kuchukua fomu. Hakuna mwingine aliyechukua. Kisheria akawa meya bila kupingwa, akaapishwa Novemba.

Kwa mujibu wa kesi aliyofungua mahakama ya shirikisho, baraza la zamani lilikutana kimya, likaitisha uchaguzi maalumu ambao wananchi hawakutangaziwa, na kwa kuwa waliojua ni wao tu, wakajirudisha wenyewe. Kisha wakamrudisha meya wa zamani. Braxton akaenda ukumbini akakuta kufuli zimebadilishwa. Akaunti ya mji benki hakupewa, barua za mji posta hakupewa.

Ukumbi ndio huohuo. Wa magogo ya saiprasi.

Chapakazi Mpya #13

Duh.

Mwana wa Tandale #14

Kwa hiyo 2011 wanafunzi wanakaa vikao vya usanifu na "jamii", waliokuwa wanakaa nao mezani kama uongozi wa mji ni watu ambao hawajachaguliwa na mtu?

Kenchi la Mninga #15

Ndiyo. Na ndiyo sababu nimeandika uzi huu.

Nieleweke. Sisemi wanafunzi walifanya ubaya. Rural Studio wamefanya kazi na weusi wa kaunti ile kwa miaka 30, nyumba nyingi sana wamejengewa wao. Pale Greensboro, makao makuu ya kaunti, kilomita 16 hivi kaskazini, walikarabati 2010 nyumba ambayo Martin Luther King alifichwa usiku mmoja Machi 1968 akiwindwa na Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, wiki chache kabla ya kuuawa Memphis. Leo ni makumbusho. Huwezi kusema watu hao hawajui wako wapi.

Ninachosema ni kwamba chuo kikija kufufua mji kinahitaji kiwanja, kibali, na mtu wa kukabidhiwa jengo siku ya mwisho. Vyote vitatu viko mikononi mwa wenye ofisi. Unaweza kuhojiana na kila mkazi, ukaweka kibaraza kipana kila mtu akae, ukafungua dirisha kubwa kuelekea barabarani, mwisho wa siku funguo unamkabidhi nani? Unamkabidhi aliyepo. Na pale Newbern hakuna aliyekuwa ameuliza aliyepo aliingiaje.

Ndiyo ile sentensi ya Mwana wa Tandale: mwenyekiti ndiye anayekuchagulia wa kutembea naye.

Mzee wa Kibangu #16

Sasa unawabebesha watoto mzigo wa watu wazima. Mwanafunzi wa miaka 22 kaenda kujifunza namna mbao inavyokaa, wewe unataka akague daftari la wapiga kura? Mimi nimejenga zahanati tatu na mkuu wa wilaya akakata utepe. Sikumuuliza aliteuliwa na nani. Zahanati inatibu hadi leo. Na hiyo zimamoto inazima moto wa mweusi na wa mweupe.

Kenchi la Mninga #17

Mzee, kwenye zimamoto nakubali mia kwa mia. Zimamoto ikisimama ina faida yake, hata viongozi wakigombana. Maktaba vilevile. Ila ukumbi wa mji ni tofauti. Kazi yake yote ni kwamba watu waingie na kuamua. Ukifungwa, lile jengo zuri lenye picha kwenye majarida ya usanifu halina kazi yoyote. Ni banda la mbao.

Na simlaumu mwanafunzi. Nauliza mwalimu na chuo, ambao walikuwa pale tangu 1993. Mwanafunzi anakaa mwaka, mwaka na nusu. Chuo kimekaa miaka 30.

Dada Mkadiriaji #18

Hapo kwenye kukaa ndipo panaponisumbua mimi kwa upande mwingine. Miradi mingi ya vyuo niliyoona inakufa kwa matunzo. Wanakuja, wanapiga picha, wanapata alama, wanaondoka, na bomba la kwanza likipasuka hakuna mwenye namba ya simu ya mtu.

Kenchi la Mninga #19

Kweli tupu, na hata wao yamewakuta. Mfano kanisa dogo la matairi yaliyojazwa udongo walilojenga 1995: zuri sana pichani, baadaye likaachwa. Majengo ya awali ya vitu vya kuokoteza yanahitaji mtu wa kuyapenda kila mwaka.

Ila kukaa kwao kumewapa nafasi ambayo wengine hawana. Angalia bustani ya Lions Park pale Greensboro, ekari 40. Walianza miaka ya katikati ya 2000 na timu zimepokezana: moja viwanja vya besiboli, nyingine vyoo, nyingine uwanja wa kuteleza kwa ubao wa magurudumu, nyingine mahali pa watoto kuchezea palipojengwa kwa mapipa ya chuma, kama 2,000, yakapangwa kama msitu wa kujificha. Kila timu inakuta makosa ya iliyotangulia na inayarekebisha kwa sababu wanakula chakula cha mchana mji uleule. Mteja wako ukikutana naye dukani kila siku, huwezi kumkimbia.

Na mteja naye anazoea. Watu wa Hale leo wanajua kumuuliza mwanafunzi: paa hili litavuja baada ya miaka mingapi?

Mbeba Box Birmingham #20

Nimalizie kesi. Juni 2024 pande zote zilisuluhishana, Braxton akatambuliwa meya halali na akaingia ofisini, na mji ukakubali kufanya uchaguzi wa kweli 2025. Ukafanyika Agosti. Safari hii alikuwa na mpinzani. Braxton kapata kura 66, mwenzake 26.

Chapakazi Mpya #21

Jumla kura 92 kwenye mji wa watu 133? Huku kwetu asilimia hizo tunazisikia redioni tu 😂

Mwana wa Tandale #22

Swali la mwisho kwa wanaojua. Sisi ramani zetu ziko wazi, mtu yeyote duniani anapakua, hata mwenyekiti akizikataa zipo. Jengo haliwezi kuwa hivyo. Je, chuo hakiwezi kuandika kwenye makubaliano ya kukabidhi, kwamba ukumbi lazima uwe wazi siku kadhaa kwa mwezi, na mwananchi yeyote apewe ufunguo akiomba kwa mkutano?

Dada Mkadiriaji #23

Inaandikika. Kwenye mikataba ya ruzuku masharti ya matumizi yapo kila siku: jengo litumike kwa kazi fulani kwa miaka kadhaa, la sivyo hela irudi. Ugumu ni nani atakayekwenda mahakamani wakivunja. Chuo kikimshtaki mwenyeji wake leo, kesho kiwanja cha mradi unaofuata kinatoka wapi?

Kenchi la Mninga #24

Ndipo penyewe dada. Braxton alikwenda mahakamani yeye, na wakazi wenzake, na mawakili wa haki za kiraia. Ilichukua karibu miaka miwili tangu kesi ifunguliwe.

Mzee wa Kibangu #25

Haya, nimesoma yote na miwani. Kwenye zimamoto mmenishinda, watoto wamejenga. Maktaba nayo sawa, jengo la zamani kulitumia tena ni akili. Kwenye ukumbi bado nasimama palepale: fundi anajenga mlango, hachagui atakayeufunga. Kenchi, weka picha ya hizo kona za magogo ya inchi 8, nataka kuona wamezifungaje.